Kabla ya Kishindo

Ukisimama kilomita mbili kutoka kwenye shimo la mgodi siku ya kulipua, mlipuko unakufikia mara tatu. Macho yanatangulia: ardhi inavimba, inapasuka kwa mistari, vumbi linapanda. Kama nusu sekunde baadaye miguu nayo inapata habari, kwa sababu mtetemo hupita ndani ya mwamba kwa kasi kubwa kuliko hewani. Masikio ndiyo ya mwisho. Sauti husafiri hewani takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kishindo chenyewe kinawasili sekunde 6 hivi baada ya mwamba kupasuka. Mpiga picha anayengoja kusikia ndipo abonyeze ataambulia vumbi.

Hilo ndilo somo lililonifungulia mengine yote. Kishindo ni taarifa ya jambo lililokwisha kutokea. Picha inapatikana kabla yake, na kabla yake hakuna cha kuona, kuna cha kujua tu. Ujuzi huo mara nyingi si wa mpiga picha. Ni wa mtu anayeifanya ile kazi siku zote, ambaye jina lake halitaonekana popote picha itakapochapishwa.

Mimi ni mpiga picha wa safari. Nimefanya kazi za kalenda, majarida na vipeperushi vya hoteli. Wenzangu wengi huelekea Serengeti na Zanzibar, nami nimefika huko, lakini nyumbani ni Shinyanga. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia kati ya Shinyanga, Kahama na Geita, nchi ambayo wasafiri wengi huipita usiku wakiwa wamelala kwenye basi la Mwanza. Nchi hii ina mambo yake ya kutikisa: milipuko ya migodi, mashindano ya ngoma yanayokusanya vijiji vizima, maonesho ya madini, na rashi ya dhahabu inayoweza kugeuza shamba la mihogo kuwa mji ndani ya wiki chache. Nayaandika haya kwa ajili ya vijana wa huku ambao sasa kila mmoja ana kamera mfukoni, kwa sababu naamini wao ndio watakaoiweka nchi hii kwenye kumbukumbu, wakiiweka vizuri.

Nilianzia mbali na migodi. Kazi zangu za mwanzo zilikuwa Dar es Salaam, na mojawapo ilikuwa kupiga picha za watoto kwenye michezo ya maji kule Kunduchi. Pale tukio linajirudia. Mtoto anateleza kwenye bomba, anatumbukia, maji yanaruka. Ukimkosa huyo, mwenzake yuko nyuma, na yeye mwenyewe keshakimbilia ngazi apande tena. Ukikaa saa moja unajua watafumba macho wapi na watayafumbua wapi. Mahali pa namna hiyo pamejengwa makusudi ili furaha ipite njia moja, na kwenye hiyo njia pana mahali pa kutazamia. Kule Florida, Marekani, kwenye bustani ya michezo ya Disney iliyofunguliwa mwaka 1971, kwa miaka mingi palikuwa na vibao vya kampuni ya Kodak vinavyomwonyesha mgeni asimame wapi ili picha yake itoke vizuri. Aliyejenga ndiye aliyekuchagulia pa kusimama.

Jimbo hilohilo ndiko wanakorushia roketi, na huko hakuna marudio. Uwanja wa waandishi wa habari katika kituo cha anga cha Kennedy uko kama kilomita 5 kutoka jukwaa la kurushia. Wapiga picha wanaotaka picha ya karibu huziacha kamera zao mapema karibu na jukwaa, zimekazwa kwenye stendi zisitikisike, zimefunikwa zisipate umande, zimeunganishwa na kifaa kinachoamshwa na sauti ya injini zenyewe. Roketi inapoondoka, mwenye kamera hayupo karibu nayo. Kazi yake aliimaliza jana.

Afrika Mashariki nayo ina habari yake ya roketi. Mwaka 1967 roketi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya kijiji cha Ngomeni karibu na Malindi, katika mradi wa Waitaliano wakishirikiana na Wamarekani. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikarushwa kutoka hapohapo satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei zitokazo kwenye nyota, nayo ikapewa jina la Uhuru. Urushaji ulikoma mwaka 1988. Nilipofika Ngomeni nikifuata picha za pwani, majukwaa yalikuwa bado yamesimama majini. Nilikaa ufukweni nikayatazama kwa muda mrefu. Mpiga picha wa leo ameachiwa vyuma. Roketi waliipata waliokuwepo, walioambiwa saa, waliojua watazame upande gani.

Niliporudi kufanya kazi kwetu, swali hilo la nani anajua upande wa kutazama ndilo lililonipeleka kwa mzee wa baruti.

Dhahabu ya Geita inajulikana tangu enzi za Wajerumani, mwaka 1898. Mgodi wa zamani ulifanya kazi kuanzia 1936 hadi 1966, kisha mwaka 2000 ukaanza mgodi mkubwa wa mashimo ya wazi, na mwaka 2012 Geita, iliyokuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza, ikawa mkoa wenyewe. Kwa historia hiyo, Kanda ya Ziwa ina wastaafu wengi wa migodi, na kati yao wapo waliokuwa walipuaji. Niliyemfuata mimi alikuwa na duka dogo. Nilimkuta amekaa kwenye benchi nje.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, ng'wanawane. Nasikia unataka picha ya mlipuko. Unataka moto au unataka jiwe?"

Nikamwambia nataka jiwe.

"Basi sahau moto. Baruti iliyopigwa vizuri haionyeshi moto."

Akaingia dukani, akatoka na kopo la vizibo vya soda, akavipanga juu ya benchi kwa safu, safu nyuma ya safu, hadi ukingoni. Kila kizibo, alisema, ni shimo lililochorongwa kwenye mwamba. Linajazwa baruti, kisha juu linashindiliwa kokoto ili nguvu isitoroke kwenda angani. Ukingo wa benchi ulikuwa ndio uso wa mwamba ulio wazi. Akasukuma safu ya kwanza kwa kidole, vizibo vikaanguka chini. Halafu ya pili, ikasogea pale ilipokuwa ya kwanza, nayo ikaanguka. Halafu ya tatu.

"Umeona? Hazilipuki pamoja. Kati ya shimo na shimo tunaweka muda, sehemu ndogo sana ya sekunde. Safu ya mbele inatoka, inaiachia nafasi ya nyuma yake. Zikilipuka zote kwa pamoja, jiwe la nyuma litakwenda wapi? Litaruka juu, na ardhi itatikisika hadi kwenye nyumba za watu. Jiwe linakwenda palipo na nafasi. Wewe tafuta nafasi iko wapi, simama ubavuni mwake, mbali, pale utakapoambiwa na wenye mgodi."

Kisha akaniambia la pili, na sauti yake ikabadilika. Moshi wa rangi ya chungwa ukitokea, maana yake baruti haikuungua sawasawa, pengine iliingiwa na maji. Moshi huo ni sumu kwa mapafu. "Ukiuona, usitafute picha. Tafuta upepo unatoka wapi, uende huko."

Nilipopewa kibali cha kusimama kwenye kilima siku ya kulipua, nilikuwa na mafundisho yote hayo. Nilikaa ubavuni mwa uso ulio wazi, nje ya mpaka waliouweka, upepo ukitoka nyuma yangu. King'ora kikalia. Walinzi wa barabarani wakaripoti mmoja baada ya mwingine kwenye redio kwamba hakuna mtu wala mnyama. Msimamizi akaanza kuhesabu. Shata niliiweka kwenye 1/1000 ya sekunde, na kidole kikaanza kazi kabla ya hesabu kuisha, wakati mbele yangu hakuna chochote isipokuwa mwamba wa kijivu na jua la mchana.

Katika moja ya picha hizo mambo yote yanaonekana pamoja. Kushoto safu ya mbele imekwisha kuanguka na kuwa rundo. Katikati mwamba umevimba na nyufa zimeanza kufunguka. Kulia bado ni jabali zima, majani yaliyoota kwenye ufa yamesimama wima. Kwa jicho langu mwenyewe nilikuwa nimeona wimbi moja tu.

Nilimpelekea mzee nakala iliyosafishwa, kubwa. Aliishika kwa mikono miwili akaitazama muda mrefu, kisha akaweka ukucha karibu na ukingo. "Hapa pana shimo moja limechelewa kidogo. Ona jiwe lilivyobaki." Nilitazama nikaona kweli pana jino la mwamba limesimama ambapo wenzake wameshalala. Nilikuwa nimeitazama picha hiyo mara nyingi bila kuliona. Mimi niliipiga, yeye ndiye aliyeisoma. Aliponiuliza kama anaweza kubaki nayo, nilielewa kwamba anaomba kilicho chake.

Ngoma nayo ina kishindo chake, ila hicho kinakutazama usoni.

Baada ya mavuno, kuanzia mwezi wa Juni, Usukuma huingia katika msimu wa mbina, mashindano ya ngoma. Vikundi vya Wasukuma vimegawanyika pande mbili tangu karne ya 19, Bagika na Bagalu, na simulizi zinazitaja pande hizo kuwa zilianzishwa na waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Sherehe inayojulikana zaidi ni Bulabo ya Bujora, kule Kisesa nje ya Mwanza, inayofungamana na sikukuu ya Ekaristi. Bujora ndipo Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alipojenga kanisa na makumbusho ya Wasukuma. Lakini mbina zipo vijijini kote hadi Shinyanga, bila mgeni wala jukwaa.

Mashindano yenyewe yana kanuni moja inayowashangaza wasioyajua. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, vikitazamana uwanjani, na mshindi ni anayevuta watu. Watazamaji hawapandi jukwaani kupiga kura. Wanapiga kwa miguu: wakichoshwa na upande mmoja wanahamia wa pili, na uwanja mzima unaona. Kwa hiyo kila kikundi kina mbinu za kuvuta. Bagobogobo hucheza na majembe, wakiyarusha juu na kuyadaka kwa mdundo. Bagoyangi huleta nyoka, na chatu akitolewa kwenye sanduku utasikia kelele za akina mama na watoto wakikimbia na kurudi. Manju hutunga nyimbo za kuwasema wapinzani, na tungo nzuri inaweza kuhamisha watu kuliko chatu.

Nilipiga picha mbina nyingi nikidhani mimi ni mtu wa pembeni. Manju mmoja wa Bagalu ndiye aliyenieleza nafasi yangu halisi. Tulikuwa tumepumzika chini ya mkwaju, yeye akinywa maji, jasho linamtiririka, njuga bado ziko miguuni.

"Ndugu yangu, wewe ukija kwetu na hiyo kamera, watoto wanakufuata. Watoto wakija, mama zao wanawafuata. Ukienda kwa Bagika, vilevile. Umeshahamisha watu wangapi leo?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea kwa upole: "Sikukatazi. Nakuomba ukae kwao sawasawa na ulivyokaa kwetu. Tushindwe kwa ngoma."

Tangu hapo nimekuwa nikienda kwenye mbina na kuwaona kwanza manju wa pande zote mbili, kuwaambia nitakaa wapi na kwa muda gani. Hilo limenipa picha nzuri kuliko zote nilizozipata kabla yake, kwa sababu wao nao huniambia. "Jembe la mwisho litarushwa na yule mfupi." "Nyoka atatoka jua likifika pale." Manju aliyekuamini anakupa saa ya roketi. Lakini faida kubwa zaidi ni kuujua ukweli wenyewe: kamera ina uzito. Popote inapoelekea inaongeza kitu upande mmoja na kupunguza upande wa pili. Mwandishi, mtalii na kijana mwenye simu wote wanapiga kura kwa miguu, wajue wasijue.

Uzito huo unaonekana wazi zaidi mahali ambapo watu hawataki kutazamwa.

Machimbo ya wachimbaji wadogo, Nyarugusu na Rwamagasa kwa upande wa Geita, Mwakitolyo kwa upande wa Shinyanga, hayana saa ya kishindo. Kuna karasha linalonguruma mchana kutwa, pipa la chuma lenye mipira ya chuma ndani, likisaga mawe yawe unga. Kuna maduara, mashimo ya kuchimbia, yaliyozungushiwa matimba, winchi ya kamba, vijana wanaoshuka na tindo na moko. Kuna akina mama walioketi juu ya marundo wakiponda mawe kwa nyundo. Kuna watu wanaochambua magwangala, mawe ya mabaki yatokayo migodi mikubwa, wakitafuta lililosazwa. Mgeni mwenye kamera hapa ni tatizo. Anaweza kuwa wa kodi, anaweza kuwa wa mwenye leseni nyingine, anaweza kuwa ametumwa na wezi wanaotaka kujua nani kapata mbale, mawe yenye dhahabu. Huwezi kuinua lenzi kabla hujakaa, hujanywa chai, hujajulikana ni mtoto wa nani.

Kwenye mwalo mmoja, mahali pa kuoshea dhahabu, nilikaa hivyo mpaka mama mmoja, mchenjuaji, akaniruhusu. Alikuwa amekwisha kupitisha unga wa mawe kwenye maji juu ya mbao zilizotandikwa magunia, akayakung'uta magunia ndani ya karai, akabaki na mchanga mweusi mzito. Akamimina zebaki. Akaikoroga kwa mkono mtupu, taratibu, kiganja kikizunguka chini ya karai, mpaka zebaki ikakusanya dhahabu yote na kuwa donge. Akalitia kwenye kipande cha kanga, akakikunja, akakamua. Vitone vya rangi ya fedha vikapenya kwenye kitambaa na kudondoka tena karaini. Kilichobaki ndani kilikuwa kigumu, rangi ya kijivu, kidogo kuliko punje ya hindi.

"Piga mikono," aliniambia. "Uso niachie, mwanangu."

Nikamuuliza kwa nini, si kwa kubisha, kwa kutaka kujua.

"Uso unajulikana hadi shuleni kwa watoto wangu. Mtu akiona uso na dhahabu kwenye picha moja, atadhani ninayo nyumbani. Mikono haina nyumba."

Nikapiga mikono. Kucha zimeliwa, nyufa za vidole zimeingia vumbi la mawe, pete ya ndoa ameivua na kuifunga kwenye pindo la kitenge, kwa sababu zebaki ikigusa pete ya dhahabu inaishika na kuifanya nyeupe. Baadaye lile donge likachomwa juu ya moto wa mkaa, na mvuke wa zebaki ukapanda hewani penye watoto wakicheza. Kikabaki kijipande cha njano. Sijawahi kupiga picha yenye hatari kubwa kuliko ile, na hakukuwa na sauti yoyote. Mlipuko una king'ora, una walinzi, una mpaka. Mvuke wa zebaki hauna, na tungeupangia walinzi wake kama tungekuwa tunauona.

Kwa mpiga picha, zebaki ina historia inayopaswa kufundishwa. Minamata ni mji wa Japani ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini, ikaingia kwenye samaki, na ugonjwa uliotokana nayo ukatambuliwa rasmi mwaka 1956. Mwaka 1971 mpiga picha W. Eugene Smith na mkewe Aileen walihamia huko, wakaishi na waathirika hadi 1974, na kitabu chao kikatoka mwaka 1975. Picha iliyoujulisha ulimwengu habari hizo inamwonyesha mama akimwogesha binti yake aliyezaliwa na ulemavu kwa sababu ya sumu hiyo. Smith hakuikuta njiani. Waliijua familia ile kwanza, na wazazi walikubali. Binti alifariki mwaka 1977. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Aileen, aliyebaki na haki za picha, aliwarudishia wazazi uamuzi juu ya picha ile, kwa kuwa walitaka mtoto wao apumzike, na kwa miaka mingi haikuruhusiwa kuchapishwa upya. Picha mojawapo ya maarufu zaidi katika karne nzima, iliyosaidia watu wengi, iliwekwa kando kwa heshima ya wenyewe.

Mji huo ndio uliotoa jina la Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 kuhusu zebaki, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio shughuli ya binadamu inayoongoza duniani kwa kutoa zebaki. Kwa hiyo picha za mikono ile zina kazi ya kufanya, na natamani zifike kwa kila anayepanga sera na kila anayeuza vifaa vya kuchomea vinavyozuia mvuke usitoke. Lakini zitafika zikiwa mikono, kama mwenyewe alivyosema. Aileen Smith amenifundisha kwamba ruhusa haiishi siku picha inapopigwa.

Kuna heshima nyingine iliyokosekana kwetu muda mrefu, nayo ni jina.

Mwadui, Shinyanga, ina jabali la kimberlaiti lenye almasi ambalo Mkanada John Williamson aliligundua mwaka 1940. Mwaka 1947 lilitoa almasi ya waridi ya karati 54.5, ambayo Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, baadaye Malkia, kwa ajili ya arusi yake. Ilichongwa ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakaitia kwenye bruchi yenye umbo la ua. Jiwe hilo limepigwa picha kwa miongo mingi kwenye nguo za Malkia, nasi tunajua uzito wake, mchongaji wake, mvaaji wake. Sasa tazama picha za zamani za migodi, zile zilizotundikwa kwenye kuta za ofisi na kumbi. Meneja ana jina na cheo. Wanaume kumi nyuma yake, wameshika sururu, wameandikwa "wafanyakazi". Wajukuu wao wako Kishapu, Maganzo na Shinyanga mjini, na hawana namna ya kujua kwamba babu yuko pale ukutani.

Mwezi wa Januari 2017 wachimbaji 15 walifukiwa mgodini Nyarugusu, wakaokolewa wote wakiwa hai baada ya siku tatu hivi. Nilizitazama picha za uokoaji kama Watanzania wengine, kwenye gazeti na runinga, na kila mtu niliyeketi naye alikuwa akiuliza jambo moja: huyu ni nani, huyu ni wa wapi? Kwa watu wa nyumbani, picha ya mtu aliyetoka ardhini ni barua. Barua isiyo na jina haifiki.

Kwa sababu hiyo nimejiwekea taratibu, nami nawaachia vijana wazitumie. Jifunze kazi ya watu kabla ya kuitafutia picha. Muulize mlipuaji, manju, mchenjuaji, na usikilize mpaka mwisho. Waambie utasimama wapi na picha itakwenda wapi. Ukiambiwa mikono, piga mikono. Andika jina la kila aliyekubali kutajwa, jina lake kamili na la kijiji chake, siku hiyohiyo, kwa sababu kesho utalisahau. Kisha safisha picha kwenye karatasi, urudi nayo. Simu hupotea, kadi ya kumbukumbu huharibika, lakini picha ya karatasi ndani ya fremu hukaa ukutani hadi wajukuu wakue. Watu niliowaeleza humu hawajaniruhusu kuyapeleka majina yao gazetini, nayo yameandikwa nyuma ya nakala walizo nazo.

Nina ombi moja pia kwa wakubwa. Kila mwaka Geita hufanya maonesho ya teknolojia ya madini katika viwanja vya Bombambili. Huko kuna mabanda ya mashine, ya mabenki, ya migodi mikubwa, ya taasisi za serikali, na familia nzima huja kutembea, watoto wakienda kubembea. Naomba pawepo banda moja la picha za wachimbaji, walipuaji, waponda mawe na wachenjuaji wa mkoa huu, za zamani na za sasa, kila moja na majina ya waliomo, na penye pengo pawekwe kalamu ili anayemjua babu yake amwandike. Maonesho yakifungwa, kila aliyejiona ukutani aichukue picha yake aende nayo nyumbani. Gharama yake ni karatasi na wino. Mimi niko tayari kuleta zangu zote.